Jina Langu kwenye Lango la Mzee Kinuthia

Ijumaa ile mliponifanyia karamu ya kuniaga, mlisimama mmoja baada ya mwingine mkasema kwamba kazi ya dashibodi za kaboni hapa Eldoret ilianza na mimi. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa na paja la kuku mkononi, nikaliangalia sana. Maneno yale si ya kweli, na hamkuyatoa hewani. Mimi ndiye niliyewalisha kwa miaka mingi. Mmeniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi muwe mnazisoma hapo karakana. Nitaandika, lakini zitawaharibia hotuba.

Habari za mapato na za magari ya wakubwa nitaziacha. Mnazijua, na nyingine nilizitia chumvi mpaka mimi mwenyewe sikumbuki zilivyokuwa. Nitaandika jinsi nilivyoingia kwenye kazi hii, nani alinifundisha, na nilichomfanyia.

Nilikuja Eldoret kutoka upande wa Siaya nikitafuta kazi kwenye viwanda vya nguo. Nilifika wakati viwanda vyenyewe vinafunga, kwa hiyo nikaishia kushona vitambaa vya viti vya magari kwenye veranda ya duka la mtu. Siku moja mteja aliniletea gari ambalo jua lilikuwa limepasua dashibodi yake katikati. Sikujua la kufanya. Nikaambiwa kuna mzee mtaa wa Langas, Mkikuyu mmoja anayeitwa Kinuthia, anafanya kazi ya faiba, vile vitambaa vya nyuzi za kioo, nyuma ya nyumba yake ya kupanga. Nikaibeba dashibodi kichwani mpaka kwake.

Nilimkuta amevaa aproni ya gunia, anapaka gundi nzito ya rezini kwenye bampa. Hakuinua kichwa. Nikaweka mzigo chini, nikasimama kumtazama. Nilisimama muda mrefu, maana sikuwa nimewahi kuona kitambaa laini kikiloweshwa kikageuka kuwa kitu kigumu kama sufuria. Mwishowe akanitupia karatasi ya msasa na kuniambia kwamba kama nimeamua kusimama, nisimame nikifanya kazi. Nikapiga msasa mpaka jioni. Hakusifu wala hakukosoa, alipitisha tu kidole gumba juu ya kazi yangu akasema nirudi kesho. Veranda ya watu sikuirudia tena.

Nyinyi mlianza kazi mkikuta pampu ya kununua na rezini inayokuja na maelezo. Sisi tulianzia nyumbani, na nyumba yenyewe ilikuwa ya Mama Shiku, mkewe Mzee. Kabla ya dashibodi kuna kalibu, ambayo sisi hapa tunaiita mould: unachukua dashibodi ya asili, unaijenga kwa faiba kwa nje, ikikauka unaitenganisha, na ile sura inabaki ndani. Ukiwa na kalibu unaweza kutoa dashibodi moja hata ishirini. Usipokuwa nayo wewe ni mtu wa kubandika viraka tu. Ili kazi isigande kwenye kalibu tulipaka nta ya sakafu, ile ya kung'arisha simenti, mara saba, na kila mara unaisugua ikauke. Mama Shiku alikuwa akilalamika kwamba sakafu yake haijaonja nta tangu Krismasi. Pampu ya kunyonya hewa tuliitoa kwenye friji iliyokufa. Mfuko wa kufunikia kazi wakati hewa inanyonywa ulikuwa nailoni ya kuezekea nyumba ya miche.

Shida kubwa ilikuwa baridi. Rezini inataka joto ndipo ikauke vizuri, na nyinyi mnaijua Eldoret ya Julai. Mama Shiku alikuwa na sanduku kubwa la kulelea vifaranga, lenye balbu mbili ndani. Mzee akalitazama siku kadhaa. Kisha vifaranga wakahamia jikoni, dashibodi ikaingia sandukuni, na amani ya nyumba ile ikayumba kwa wiki nzima. Lakini ilikauka vizuri sana. Nimewaambia mara nyingi kwamba sanduku la balbu nililibuni mimi. Nililibuni kwa mdomo tu. Sanduku lilikuwa la Mama Shiku, na akili ilikuwa ya mumewe.

Kaboni yenyewe ilikuja kwa bahati. Kulikuwa na dereva mmoja wa mashindano ya magari aliyekuwa akituletea bampa, akaja na kipande cha kitambaa cheusi alichobakiza kwenye gari lake. Alitaka dashibodi ya kaboni ya kweli, si stika. Mzee alikigeuza kile kitambaa kwenye mwanga, akaona nyuzi zinavyopishana, akatabasamu peke yake. Kitambaa kilitosha dashibodi moja bila kosa hata moja.

Kosa nililifanya mimi. Nilikata kipande cha kufunika sehemu ya saa za mwendo bila kufuata mwelekeo wa nyuzi. Tulipokitandaza, mistari ikaenda mrama mbele ya dereva kabisa, mahali ambapo jicho linafikia kwanza. Mzee alichukua mkasi, akapasua kitambaa katikati na kuziunganisha pande mbili ili nyuzi zikutane zikitengeneza mshale. Yule dereva alipokuja kuichukua aliuliza kwa nini kuna mstari katikati. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Mzee akamjibu, "Nilikata vibaya, nikairekebisha. Hiyo ni makosa yangu." Dereva akasema anaipenda hivyo hivyo, akaenda. Mzee hakulizungumza tena, wala mimi sikumshukuru. Nilidhani ndivyo wazee walivyo.

Miaka ilienda hivyo. Nikajua kuchanganya rezini kwa macho, nikajua kusikiliza mfuko unaovuja hewa. Mzee alikuwa na misemo yake. Nikiwa na haraka mpaka kazi ikatoka na mapovu ya hewa, aliniambia, "Hii kitu ukiipea haraka, itakupea bubbles." Mnaujua msemo huo. Mmeuandika ukutani, na chini yake mmeandika jina langu.

Ikaja kura ya 2007. Sina haja ya kuwasimulia yote. Wengine wenu mlikuwa watoto lakini mlikuwapo. Matokeo yalitangazwa jioni, na asubuhi moshi ulikuwa pande tatu. Wakikuyu walikuwa wanakimbilia uwanja wa maonyesho na makanisani. Mzee na Mama Shiku walipata nafasi kwenye pikapu ya jirani, wakapakia godoro, sufuria na begi moja. Mzee aliniwekea funguo mkononi. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Chunga mould. Nyumba ikiungua si yangu. Mould zikiungua, mimi sina kitu." Zilikuwa kumi na moja, zimepangwa ukutani chini ya gunia.

Wiki ile watu walikuwa wakiandika majina milangoni kwa chaki, kwa makaa, kwa rangi, kuonyesha nyumba ni ya nani ili wachomaji wapite. Jina langu la Kijaluo mwaka ule, mahali pale, lilikuwa jina la kupona. Sikuwa na rangi. Nilikuwa na rezini nyeusi, ile tunayopaka chini ya kaboni ili weupe usionekane. Nikaichanganya na dawa ya kukausha, nikachukua brashi, nikaandika kwenye lango la mabati kwa herufi kubwa: KWA ODHIAMBO.

Walikuja saa nane mchana. Walikuwa wengi, wengine nawafahamu kwa sura. Mmoja akaniuliza hii ni nyumba ya nani, nikasema ni yangu. Akaniuliza Kinuthia yuko wapi. Nikamwambia Kinuthia alihama kitambo. Alilitazama lango, akaligusa, likamwachia weusi kwenye kidole, wakapita. Nyumba tatu za mstari ule ziliungua siku hiyo. Ya kwetu haikuguswa.

Uongo huo siujutii. Ningeurudia hata leo. Mwezi uliofuata binamu yangu alikimbia kutoka Naivasha usiku na mchana kwa sababu ya jina la aina ileile iliyoniokoa mimi Langas, kwa hiyo nilijua vizuri thamani ya jina na ubaya wake. Aibu yangu ni kwamba hatari ilikwisha, na uongo ukaendelea.

Nilikwenda uwanja wa maonyesho, walikokimbilia, mara tatu, nikiwa na unga na mafuta ya kupikia. Mara ya kwanza nilimwambia Mzee nilivyofanya, na kwamba kalibu zote ziko salama. Alicheka mpaka akashika mbavu, katikati ya mahema yale na matope yale. "Kumbe sasa mimi ni Mjaluo," alisema. Kisha akaniambia nifanye kazi, nisiache mould zilale, kwa sababu mould ikilala hupinda. Mara ya pili alikuwa na kikohozi na hatukuzungumza sana. Nilipokwenda mara ya tatu hema lao lilikuwa na watu wengine, na hakuna aliyejua wamepelekwa wapi. Niliuliza watu wawili. Kama ningekuwa namtafuta kweli, ningeuliza watu ishirini.

Mwenye ploti alikuja kufanya upya karatasi za upangaji. Akasema jina langoni ni langu, basi na karatasini aandike hilohilo, nikasema sawa. Wateja wakarudi mmoja mmoja. Wakaanza kusema, hii ni kazi ya Odhiambo wa Langas. Mara ya kwanza niliposikia hivyo nilitaka kurekebisha, nikaona mteja ana haraka. Mara ya pili sikutaka. Rezini haitoki kwa maji wala kwa petroli, lakini grainda ya kuisaga ilikuwa ndani na ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Nilifungua lango lile kila siku, nikiwa na grainda nyuma yangu, na sikuwahi kuipata hiyo asubuhi.

Sasa naandika lile ambalo nimelizungukia tangu mwanzo.

Ulikuwa mwaka uliofuata, mvua za masika zimeshika. Ilikuwa asubuhi, kama saa nne. Mteja kutoka Elgon View, mtaa wa wenye fedha, alikuwa amesimama karakana na rafiki zake wawili. Gari lilikuwa Subaru, na dashibodi yake ya kaboni nilikuwa nimeitoa kwenye kalibu siku iliyotangulia, nikawa nasawazisha kingo. Ilikuwa imetoka vizuri. Walikuwa wanaipitishia mikono na kunisifu, na mimi nilikuwa napasuka kwa raha.

Lango likafunguliwa, akaingia Mzee Kinuthia. Alikuwa amekonda, na koti alilovaa lilikuwa la mtu mwingine. Viatu vilikuwa na matope mpaka kwenye kisigino. Aliposukuma lango alisimama kidogo akasoma jina, kisha akaja akatusalimia wote kwa mkono. Akasimama karibu na meza, mikono nyuma.

Mteja akaniuliza, "Na huyu mzee ni nani?"

Nikasema, "Huyu ni wa kunisaidia saidia tu hapa."

Nimeyapima maneno hayo miaka yote. Nilijiambia kwamba niliogopa, kwamba siwajui wale rafiki wawili, kwamba kutaja jina lake kungemletea shida. Si kweli. Wakati huo watu walikuwa wanarudi, chifu alikuwa anazunguka na mikutano ya amani, na wale wanaume watatu hawakuwa na neno na mtu. Niliyasema kwa sababu sifa zilikuwa tamu na sikutaka kugawa. Yalitoka bila kukwama hata kidogo, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Mzee alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa dashibodi, akasema, "Kazi safi." Kisha akaketi kwenye ndoo tupu ya rezini kando ya ukuta. Alikaa hapo kama saa moja. Mimi niliendelea kumweleza mteja jinsi ninavyopaka nta mara saba, na nilikuwa nazungumza kwa sauti kubwa ili nisisikie ukimya wa upande ule. Nilimpa maji kwenye kikombe. Chai ilikuwa kwenye thamosi, nami sikummiminia. Na leo mnanitazama na kuniita mwalimu.

Wateja walipoondoka nikajishughulisha kufagia mahali palipokuwa safi. Mzee alinitazama kidogo, akainuka. "Haya basi, Odhiambo," akasema, "wacha mimi niende." Nikamwambia haya Mzee, karibu tena. Nikamsindikiza mpaka langoni, nikafunga. Kalibu zake hakuziulizia. Nami sikuzitaja. Zote kumi na moja zilikuwa hatua sita kutoka alipokuwa ameketi.

Yaliyobaki mnayajua, kwa sababu mlianza kuja. Kazi ikakua, tukahamia barabara ya kwenda Turbo, lango lile nikaliacha kule. Kalibu za Mzee zilitumika mpaka zikachoka. Ya kwanza ilipopasuka niliikatakata nikaitupa, na nyingine zikafuata, bila mwenyewe kuambiwa. Mliponiuliza nilijifunzia wapi kazi hii, niliwaambia nilijifunza mwenyewe kwa kukosea. Kukosea nilikosea kweli, lakini si kwa namna mliyoelewa.

Na msidhani sikujua aliko. Mfanyabiashara mmoja wa viazi aliyeniletea lori lake aliniambia kuna mzee kule mji mdogo wa Burnt Forest anayeziba matangi ya maji na mabeseni kwa faiba, na mkono wake ni wa ajabu. Sikumuuliza jina la huyo mzee. Nimepita Burnt Forest nikienda Nakuru mara zisizohesabika, na kila mara nilikuwa na jambo la kutazama upande ule mwingine wa barabara. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, najificha ndani ya gari langu mwenyewe.

Jumatatu baada ya karamu yenu nilikwenda. Haikunichukua hata dakika kumi kumpata. Wauza viazi wote wanamjua. Anakaa kwenye shamba la dada yake, nyumba ya mbao iliyojengwa upya baada ya ile ya kwanza kuungua. Jicho moja limeingia ukungu. Alikuwa ameinamia tangi jeusi la maji, anapaka rezini taratibu, na aproni yake bado ni ya gunia. Alinitambua kwa sauti. Akaniita Odhiambo, akafurahi waziwazi, akaniambia nikae. Mama Shiku alinisalimia kwa ncha za vidole, akaleta chai, akarudi ndani na hakutoka tena. Yeye nilimwelewa vizuri. Furaha ya Mzee ndiyo iliyonishinda kubeba.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakanipotea. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kwamba nililichukua lango lake na jina lake na kalibu zake, na kwamba siku ile alipokuja kunidai nilimwita msaidizi mbele ya watu. Nilikuwa nalia, na sioni haya kuwaambia hilo. Haya zangu ziko mahali pengine.

Mzee aliweka brashi chini, akafuta mikono. Alionekana kama mtu asiyeelewa ninachosema.

"Kukudai?" akasema. "Wewe, mimi sikuja kukudai. Lango ilikuwa ya mwenye ploti, na mould nilisikia zinafanya kazi, nikafurahi. Siku ile nilikuja kukuomba kazi."

Nilijifuta machozi, naye akaendelea.

"Sikuwa na kitu, Odhiambo. Tulikuwa tunakula kwa watu. Nikasema, wacha niende kwa huyo kijana, atanipatia hata ya kufagia. Sasa uliposikia huyo customer anauliza, ukamwambia mimi ni wa kukusaidia, nikajua umeshaniandika kazi. Nikakaa hapo kwa ndoo nikingoja wamalize waende, uniambie nianzie wapi."

Akachukua brashi yake, kwa sababu rezini ilikuwa inaanza kukauka, akarudi kwenye tangi. Nami nikabaki nimekaa hapo na kikombe cha chai mkononi. Wiki ile ya Subaru, kabla Mzee hajaingia langoni, nilikuwa nimezunguka karakana zote za mjini nikitafuta mtu wa kunisaidia, nikakosa.